Kukereza Bila Biichi: Ushauri kwa Mafundi wa Msamala

Kijana anayeanza kukereza mbao hapa Msamala, Songea, leo hajifunzi kwa fundi mkubwa wa karakana peke yake. Anajifunza pia kwenye simu, na kwa kuwa video nyingi za kazi hii hutoka Ulaya, simu humwambia atafute biichi. Anaulizia kwenye maduka yote ya mbao mjini, wauzaji wanamtazama tu, anarudi nyumbani akidhani kwamba bakuli lake litakuwa la ovyo kwa kukosa mbao hiyo. Ushauri wangu ni huu: biichi usiitafute, ila sifa zake zijue vizuri. Ukizijua utaweza kuupima mti wowote ulioangushwa mtaani kwako na kuamua kama unafaa mashine yako au unafaa jiko la mama.

Biichi, ambayo wataalamu huiita Fagus sylvatica, ni mti mkubwa wa misitu ya Ulaya. Hapa kwetu haioti, lakini huenda umewahi kuishika bila kujua. Randa za mbao za Kijerumani kwa kawaida zilitengenezwa kwa biichi, na huku Ruvuma, ambako abasia ya Peramiho ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1898 na karakana zake zikafundisha vijana wengi useremala, randa kama hizo si kitu cha ajabu kwa fundi mwenye umri. Mipini mingi ya brashi kutoka Ulaya ni biichi vilevile. Kiti maarufu cha Michael Thonet cha mwaka 1859, kile cha mgongo wa duara ambacho hadi leo huigwa mahotelini, kilitengenezwa kwa fito za biichi zilizopindwa kwa mvuke. Na katika vilima vya Chiltern nchini Uingereza, mafundi walikuwa wakiweka mashine zao za kukanyaga kwa mguu ndani ya msitu wenyewe, wakakereza miguu ya viti ingali mibichi na kuipeleka katika viwanda vya High Wycombe.

Kwa nini waipende hivyo? Kwanza, imetulia. Vitundu vyake ni vidogo na vimesambaa sawasawa, kwa hiyo patasi haikutani na sehemu laini kisha ngumu kisha laini tena kama inavyokutana nazo kwenye msindano. Unaweza kukata pete nyembamba, shingo, au ukingo mkali, na usikatike. Pili, ina uzito wa kutosha: mita moja ya ujazo ya biichi kavu ni kilo 700 hivi. Tatu, haina harufu wala ladha, ndiyo maana Wazungu huifanyia vijiko, mbao za kukatia na mabakuli ya chakula. Uso wake una vidoa vidogo vya kahawia vinavyopendeza, ingawa hilo si la kumtoa mtu Songea.

Sasa aibu zake, ambazo video hazizisemi sana. Biichi hunyauka vibaya. Ikitoka ubichi hadi ikauke kabisa, hupungua zaidi ya asilimia 11 kwa kufuata duara la mwaka, lakini kutoka moyo kwenda gome haipungui hata asilimia 6. Kwa kufuata urefu wa nyuzi haipungui karibu hata kidogo. Tofauti hizo ndizo zinazoligeuza bakuli la mviringo kuwa yai: bakuli la sentimita 30 lililokerezwa likiwa bichi linaweza kutofautiana sentimita moja au zaidi kati ya upana wa upande mmoja na wa upande mwingine baada ya kukauka. Ukiiacha nje mvuani huoza upesi. Bungua wanaipenda. Nathubutu kusema kwamba sifa kubwa ya biichi ni kuwa iko tele na kwa bei nafuu huko iliko. Mjerumani anaikereza kwa sababu ndiyo iliyoanguka karibu na kwake. Nawe fanya kama yeye, ila kwa miti ya kwako.

Ili ufanye hivyo unahitaji kupima, na vipimo havihitaji maabara. Chukua kijiti kikavu chenye unene ulio sawa, urefu sentimita 10, ukiweke wima ndani ya chombo chembamba chenye maji, kama chupa iliyokatwa shingo, kisha utazame upesi kabla hakijanywa maji. Kikizama sentimita 7 na 3 zikabaki juu, mbao hiyo ina uzito kama wa biichi. Mninga utazama karibu 6. Mpingo utakwenda chini wote, kwani ni mzito kuliko maji. Kwa vyombo vya mezani, tafuta kati ya 5 na 8: chini ya hapo mbao hutoboka kwa kijiko, juu ya hapo patasi yako itakuwa kwenye jiwe la kunolea kutwa nzima.

Kipimo cha pili ni cha chakula. Tia konzi ya maranda kwenye kikombe cha maji ya moto, funika, subiri saa moja, kisha nusa na uangalie rangi. Maji yakibaki karibu meupe na bila harufu kali, hiyo haitaharibu rangi wala ladha ya kachumbari. Yakigeuka mekundu au kahawia, mbao hiyo peleka kwenye matendegu ya kitanda. Kwa kipimo cha tatu, kata ncha ya gogo kwa msumeno mkali, lowesha kidogo, tazama kwa lenzi au kwa kamera ya simu iliyokuzwa. Vitundu vikiwa vidogo na vimetawanyika, umepata ndugu wa biichi. Vikiwa vikubwa kiasi cha kuingiza ncha ya pini, jua kwamba vumbi na mafuta ya mboga vitaingia humo humo.

Kwa vipimo hivyo, mti ninaouweka mbele kwa vyombo vya chakula ni mwembe. Najua mafundi wengi watacheka, maana mwembe tumezoea kuuona ukiwa kuni au ukichomewa matofali. Lakini mwembe ni mbao ya uzito wa wastani, nyuzi zake hazina fujo nyingi, na uso wake ukipigwa msasa mzuri hupata rangi ya asali yenye mistari. India hutengeneza samani na mabakuli ya mwembe kwa wingi na kuyauza Ulaya, huko huko kwa wenye biichi. Hapa mwembe hukatwa kila mtu anapojenga, na mara nyingi mwenye kiwanja hushukuru ukimwondolea. Tahadhari ni mbili. Utomvu wake mbichi huwawasha baadhi ya watu ngozi, kwa hiyo anayejijua asiukereze ukiwa mbichi. Na masika ukiliacha gogo chini, kuvu huingia upesi na kuchora mistari myeusi. Ulaya mistari kama hiyo kwenye biichi hulipiwa zaidi, nasi tunaweza kuitumia kwa vyombo vya mapambo mradi mbao haijalainika. Bonyeza kwa ukucha: ikiingia, umechelewa.

Wa pili ni mbuni wa kahawa. Wakulima wa Mbinga hukata mibuni iliyozeeka ili ichipue upya, na visiki vile huishia jikoni. Ni hasara. Kuni hiyo ni ngumu, nyeupe ya kuelekea njano, na nyuzi zake zimebanana kiasi kwamba inashika umbo dogo kabisa. Haitakupa bakuli kwa sababu ni nyembamba, lakini kwa mipini ya visu, vijiko vya chumvi, vishikizo vya makabati na mchi wa kinu kidogo cha vitunguu saumu, siioni mbao nyingine ya kuishinda kwa urahisi. Mchungwa, mlimao na mpera imo katika kundi hilo hilo. Mpera hasa ni mgumu kupasuka, na kwa mpini wa patasi uchague huo kabla ya mwingine wowote.

Mgrevilea, ule unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba na katikati ya kahawa, unafaa sana kwa mwanafunzi. Ni mwepesi kidogo kuliko biichi na unapatikana kwa bei ya mbao ya kawaida. Ukiupasua kwa kufuata moyo kwenda gome hutoa madoa makubwa yanayong'aa, makubwa kuliko yale ya biichi wanayoyasifia. Wako wanaopata upele kwa vumbi lake, kwa hiyo vaa mikono mirefu. Msindano kutoka Wino au Sao Hill ni rahisi zaidi, lakini usijifunzie huo bakuli: pete zake laini na ngumu zitakuharibia mkono, utadhani kosa ni lako. Utumie kwa nguzo nene za ngazi na basi. Mkaratusi unapindana na kupasuka hata ukiwa umeshaupaka vanishi. Uache uwe nguzo za umeme.

Mninga nauweka peke yake, kwa sababu kwa jambo moja unaishinda biichi mbali sana: haujongei. Hunyauka kidogo mno, na mguu wa meza uliokerezwa mviringo utabaki mviringo mwaka hadi mwaka, masika na kiangazi. Kwa matendegu, miguu ya viti, nguzo za kitanda na kitu chochote kinachoingia kwenye tundu na kutakiwa kisilegee, huo ndio wa kwanza. Unakatika vizuri, unanukia, hauhitaji rangi. Lakini ni dhambi kununua gogo zima la mninga ili utoe mabakuli, huku nusu yake ikienda kuwa maranda. Pita kwa maseremala wanaotengeneza milango na vitanda, omba vipande vinavyobaki. Vipande vya inchi 2 kwa 2 vya urefu wa mkono, ambavyo kwao ni takataka, kwako ni vishikizo na vinara. Sehemu nyeupe iliyo chini ya gome itoe, maana bungua huianzia hiyo. Mkongo ni mzito zaidi nao umetulia vivyo hivyo. Msaji ni mzuri ila una chembe kama za mchanga zinazokula makali. Mbula, ule wa matunda ya porini tunayoyajua wote, ni mbaya zaidi kwa hilo: utanoa mara nyingi kuliko utakavyokata. Mpingo wa Namtumbo na Tunduru ni wa filimbi, vipini vidogo na pete, na fundi asiuguse mpaka mkono wake umekomaa, kwa kuwa kila kipande anachoharibu kilichukua miongo kuota.

Wenzetu wa Kenya walishaipita njia hii. Wachongaji wa Kikamba wa Changamwe, Mombasa, walijijenga kwa muhugu na mpingo. Miti hiyo ilipopungua wengi wakageukia mwembe, jakaranda na mwarobaini, miti ya mashambani na ya uani. Wanunuzi hawakukimbia. Kilichowasumbua ni kukausha, kwa sababu miti hiyo ikichongwa mbichi na kupakiwa melini, hufika imepasuka. Mwarobaini, niongeze, ni wa kinyago. Usimpe mtu bakuli la uji la mwarobaini.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kazi yenyewe, maana kwa maoni yangu nusu ya lawama zinazotupiwa mbao za kwetu ni lawama za kukausha. Songea iko juu ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili, kisha kinakuja kipupwe na baada yake kiangazi cha jua kali na upepo. Kalenda hiyo ni mali, kama utaifuata. Gogo laweza kukatwa siku yoyote, lakini siku hiyo hiyo fanya mambo mawili. Pasua katikati ili moyo wa mti utoke, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Kisha paka vichwa vyote viwili rangi nzito ya mafuta iliyobaki, au nta iliyoyeyushwa. Maji hutoka kichwani haraka kuliko ubavuni, na kichwa kikikauka peke yake kinapasuka.

Wakati wa mvua, kereza mabakuli yakiwa mabichi. Patasi hupita kama kwenye muhogo na vumbi hakuna. Acha ukuta mnene, sehemu moja ya kumi ya kipenyo: bakuli la sentimita 25 liwe na ukuta wa sentimita 2 na nusu. Andika tarehe na uzito kwa penseli kwenye kitako, funika kwa maranda yake mwenyewe ndani ya kiroba cha katani au boksi la karatasi, weka kwenye kivuli mahali pasipo na upepo. Usitumie mfuko wa nailoni, litaota ukungu. Pima kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito utashuka, utashuka, kisha utasimama. Ukisimama kwa wiki tatu nne mfululizo, bakuli limekauka kadiri hewa ya Songea inavyoruhusu, limeshakuwa yai na limeshamaliza ugomvi wake. Sasa ni Agosti au Septemba: lirudishe kwenye mashine, likereze mviringo, malizia. Bakuli lililomalizwa kiangazi halitakuaibisha kwa mteja. Lililoharakishwa Februari litajipinda Julai, na mteja hatajua kulaumu hali ya hewa.

Miguu na nguzo ni tofauti, hizo zikerezwe zikiwa kavu tangu mwanzo. Wale wa Chiltern waliweza kukereza mibichi kwa kuwa waliiacha ikauke kabla ya kuunganishwa kwenye kiti. Wewe ukiunganisha mguu mbichi na kiti kikavu, utalegea.

Kuhusu mashine sitasema mengi, kwani nyingi za kwetu zimechomelewa mtaani kwa mota na mikanda, na zinafanya kazi. Ila mwendo uangalie. Zidisha kipenyo cha kazi kwa inchi na mizunguko ya mashine kwa dakika. Jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 basi lizunguke mara 600 hadi 900 kwa dakika. Gogo ambalo halijawa mviringo lianzie chini ya hapo. Mwenye puli mbili tofauti anaweza kupunguza mwendo kwa kuhamisha mkanda, na asiye na puli ya pili aikereze. Jambo lingine: patasi iliyotengenezwa kwa tupa kuukuu ni hatari. Chuma cha tupa ni kigumu lakini hukatika kama kioo, na kipande chake kinaruka usoni. Springi ya gari iliyofuliwa na kuchovywa vizuri ni salama zaidi. Vaa ngao ya uso, siyo miwani ya jua.

Na vumbi. Hapa biichi inatufunza jambo ambalo si la kujifurahisha. Katika viwanda vya samani vya High Wycombe na jirani zake, madaktari wa Uingereza katika miaka ya 1960 waliona saratani ya pua ikiwapata mafundi mbao kuliko watu wengine, na mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Biichi, mbao isiyo na harufu wala ladha, ni miongoni mwa zile zilizotajwa sana. Vumbi la mninga, mvule na mpingo nalo linawasha koo, macho na ngozi. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakitoshi. Nunua barakoa ya kuzuia vumbi jembamba, fungua mlango na dirisha linalokabiliana, piga msasa nje ukiweza, na watoto wasicheze karibu na mashine kwa sababu tu maranda yanapendeza.

Kumalizia chombo cha chakula, weka vanishi kando. Nta ya nyuki haina shida kupatikana katika mkoa wenye miombo na wafugaji nyuki kama huu. Yeyusha sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za mafuta ya alizeti, ukiweka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto na si juu ya moto wenyewe. Paka kwa kitambaa bakuli likiwa linazunguka taratibu, acha usiku kucha, futa. Mwambie mteja asililoweke na arudie kupaka linapofifia. Ukitumia mafuta ya kitani kwa kazi nyingine, tandaza matambara yake nje yakauke. Yakikunjwa pamoja hupata joto na yanaweza kuwaka yenyewe.

La mwisho ni karatasi. Mwembe wa kiwanjani hauna maneno mengi, lakini mninga, mkongo na mpingo ni mazao ya misitu, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inataka kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia. Anayekuletea vipande usiku kwa nusu bei anakuuzia kesi. Ukifikiria kuuza nje ya nchi, kumbuka kwamba miti ya jamii ya mpingo iliingia mwaka 2017 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2022 mkutano wa nchi wanachama ukaamua jamii ya mninga, mkongo na mkangazi ya Afrika iingie pia. Uliza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) kabla ya kufunga mzigo, na omba risiti kwa seremala hata kwa vipande.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kuna gogo la mwembe limelala nyuma ya nyumba yako au ya jirani, lipasue katikati na ulipake rangi vichwani leo. Kesho jua litakuwa limeshaanza kulipasua.